Historia fupi ya ufunguo wa gari, na kwa nini unakwama Lodwar

Leo naziweka kando programu na hifadhidata nizungumzie kitu kidogo ambacho kila dereva hukishika kila siku bila kukifikiria: tundu la ufunguo wa kuwashia gari. Mimi ni mwandishi wa programu, si mekanika, lakini ninaishi Lodwar na kazi hunipeleka Kakuma mara kwa mara, na huku tundu hili si jambo la mzaha. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita kama 120. Jua ni kali na kivuli ni mgunga mmoja hapa, mwingine kule. Gari likizimwa njiani ili abiria ashuke, kisha ufunguo ukatae kuzunguka, mliobaki hamna shida ya gari peke yake, mna shida ya maji.

Ndiyo maana utaona gari kuukuu limesimama sokoni huku injini inanguruma na dereva yuko hotelini anakunywa chai. Hajasahau kulizima. Anaogopa kulizima. Dizeli inateketea, mtoto yeyote anaweza kupanda na kuingiza gia, lakini kwake hatari hiyo ni ndogo kuliko ile ya ufunguo kugoma.

Nilianza kuchimba historia ya kifaa hiki kwa sababu nilitaka kujua kwa nini kinakwama. Nikagundua jambo kubwa zaidi: kwa zaidi ya miaka mia moja, siri ya kuwasha gari imekuwa ikihama. Ilianza katika msuli wa mkono, ikaingia katika kipande cha chuma, ikaingia katika chembe ya silikoni, na sasa iko katika kompyuta ambayo dereva haruhusiwi kuifungua. Kila hatua ilikuwa na sababu nzuri. Swali langu ni dogo: siri ikihama, anayeishi mbali nayo analipa nini?

Haya, tuanze mwanzo.

Magari ya kwanza ya petroli hayakuwa na ufunguo kama tunavyoujua. Palikuwa na swichi ya kuruhusu au kukata cheche ya moto, kisha mtu anakwenda mbele ya gari, anachomeka hendeli na kuizungusha kwa nguvu. Injini ikirudisha teke, hendeli ilikuwa inavunja mkono. Mwenye mkono wenye nguvu ndiye aliyekuwa na "ufunguo". Hata Ford ilipoweka swichi ya funguo katika Model T mwaka 1919, kulikuwa na funguo za aina 24 tu kwa magari yale yote. Kwa lugha yetu ya kompyuta, hilo ni neno la siri ambalo mtu yeyote angelikisia kabla chai haijapoa.

Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilianza kuuza gari lenye starta ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Hendeli ikaanza kustaafu. Lakini ufunguo na starta bado vilikuwa vitu viwili: ufunguo unaruhusu umeme, kisha unabonyeza au kukanyaga kitufe cha starta. Land Rover za kwanza, zilizoingia sokoni mwaka 1948, zilikuwa hivyo hivyo, na hendeli zilikuja nayo endapo betri itakufa. Chrysler ndiyo iliyounganisha mambo mwaka 1949: zungusha ufunguo umeme uwake, endelea kuzungusha starta ivute, achia urudi wenyewe. Huo mzunguko unaoufanya leo asubuhi una umri wa miaka zaidi ya 75.

Ndani ya tundu lenyewe kuna hekima ya zamani zaidi. Wamisri wa kale walitengeneza makufuli ya mbao yenye vijiti vinavyoanguka na kuzuia komeo, na ufunguo wa kuvinyanyua. Mmarekani Linus Yale Mdogo alisajili kufuli la chuma la pini kwa mtindo huo mwaka 1861. Mwaka 1868 mwenzake Philo Felter akasajili aina nyingine, yenye vibati vyembamba badala ya pini, na mtindo huo wa vibati ndio uliokuja kutawala magari. Ni rahisi kutengeneza na hauchukui nafasi.

Jinsi unavyofanya kazi ni hivi. Ndani ya kufuli kuna silinda inayozunguka. Katika silinda kuna vibati kadhaa, kila kimoja kina tundu la kupitisha ufunguo na kijispringi kinachokisukuma. Bila ufunguo, vibati vinatokeza nje ya silinda na kuizuia. Ufunguo sahihi ukiingia, kila jino linakivuta kibati chake mpaka ncha zote zinalingana na ukingo wa silinda, na silinda inazunguka. Kibati kimoja kikibaki juu hata kwa unene wa karatasi, haizunguki. Chukua kufuli la mfano lenye vibati 8, kila kimoja chenye vimo 4: una funguo 65,536 zinazowezekana. Biti 16. Kwa chuma na springi, si haba.

Halafu ikaja hatua ambayo ndiyo mama wa kukwama kwingi. Mwaka 1961 Ujerumani Magharibi iliamuru magari yawe na kufuli la usukani, ili mwizi akiunganisha nyaya asiweze kukata kona. Marekani ilifuata kwa sheria iliyoanza Januari 1, 1970. Kufuli likahamia kwenye shina la usukani, na ufunguo ule ule ukapewa kazi ya nne. Hesabu basi: kutambua mwenye gari, kufungua usukani, kuwasha umeme, na kuvuta starta. Sisi waandishi wa programu tukiona kijisehemu kimoja kimepewa kazi nne tunajua pa kutafuta hitilafu.

Sasa vitu hivi vilifikaje Turkana?

Kwa muda mrefu vilifika vichache. Wakati wa ukoloni eneo hili lenyewe lilikuwa chini ya kufuli: lilitawaliwa kama wilaya iliyofungwa, mgeni hakuingia bila kibali. Serikali iliona ni mbali kiasi cha kufaa kuwa kizuizi, na Jomo Kenyatta aliwekwa Lodwar kuanzia 1959 mpaka alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Barabara ya lami kutoka Kitale hadi Lodwar ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Norwei, mpaka Kenya ilipovunja uhusiano na nchi hiyo mwaka 1990. Mwaka 1989 shughuli kubwa ya misaada kwa Sudan Kusini ilianza na Lokichoggio ikawa kituo chake. Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ikafunguliwa kwa ajili ya wakimbizi, wengi wao vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan. Pamoja na mashirika zikaja Land Cruiser za namba 70, muundo uliozaliwa mwaka 1984 na ambao haujabadilika sana mpaka leo. Baadaye Probox, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 2002, ikaja kubeba abiria.

Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lenye umri unaozidi miaka 8. Lakini likishaingia hakuna anayelihesabia siku. Linaanza Nairobi, linauzwa Eldoret, linauzwa tena Kitale, na likifika Lodwar linaanza maisha mapya. Ufunguo unaokwama Kakuma huenda umezungushwa maelfu ya mara katika miji mitatu au minne na mikono ambayo haijuani.

Kukwama kwenyewe kuna sababu chache, na huku kwetu zote zinakutana.

Sababu ya kwanza ni vumbi. Lami mpya ipo, imeletwa na mradi ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2015 (mradi huo huo uliochimba njia ya kebo ya faiba, ambayo naishukuru kila siku). Lakini ukiacha lami tu, kuelekea kijijini au kukatiza laga, vumbi jembamba kama unga linaingia kila mahali penye tundu. Sababu ya pili ni mafuta. Mtu akiona ufunguo mgumu anamimina oili. Kwa wiki moja mambo ni matamu, kisha oili inashika vumbi na kugeuka tope la kusagia. Vibati havishuki tena, springi zinalemewa. Oili hapa ni mkopo wa riba kubwa.

Sababu ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi mimi kama mtu wa kompyuta: nakala ya nakala. Mashine ya kuchonga funguo hufuata umbo la ufunguo unaoipa. Ukiipa ufunguo uliolika, inachonga ulikaji pamoja na meno. Baada ya miaka unachonga nakala ya ile nakala. Kila mara kosa dogo linaongezeka, na hakuna kitu cha kulisahihisha. Faili la kompyuta lina bahati, nakala ya elfu ni sawa na ya kwanza. Chuma hakina bahati hiyo.

Sasa tiba, na kama kawaida tunaanza kwa kutafuta ugonjwa uko tabaka gani.

Ufunguo umeingia lakini hauzunguki? Kabla ya yote, shika usukani, utikise kushoto na kulia huku ukizungusha ufunguo polepole. Magurudumu yakiegeshwa yamekunjwa, usukani unalibana komeo lake, na unayepigana naye si ufunguo. Gari la otomatiki likikataa kutoa ufunguo, hakikisha gia iko kwenye P kweli kweli.

Bado? Nenda mlangoni na ufunguo huo huo, maana katika magari mengi ya zamani ufunguo ni mmoja. Mlango ukifunguka kwa ulaini, ufunguo una afya na mgonjwa ni silinda ya kuwashia. Mlango nao ukiwa mgumu, mtuhumiwa wa kwanza ni ufunguo. Jaribu ule wa akiba, ambao haujatumika sana. Ukizunguka vizuri, usiutumie kila siku. Ufanye kuwa kielelezo cha kuchongea mpya.

Bora zaidi ni namba. Magari mengi ya Kijapani ya zamani yalitoka kiwandani na kibati kidogo chenye namba ya ufunguo. Namba hiyo inataja kimo cha kila jino. Fundi mwenye mashine inayosoma namba anakuchongea ufunguo kama ulivyotoka kiwandani, bila makosa ya miaka yote ile. Ni sawa na kujenga programu upya kutoka chanzo badala ya kunakili diski iliyokwaruzika.

Ikiwa tatizo ni uchafu, toa waya hasi wa betri, puliza tundu kwa upepo wa kompresa ya magurudumu, nyunyiza spiriti kidogo, ingiza na kutoa ufunguo mara nyingi huku ukiupangusa kila mara mpaka utoke safi. Subiri pakauke kabisa, spiriti inashika moto. Kisha tumia kilainishi kikavu. Unga wa grafiti unafaa, na grafiti ndiyo ile nyeusi iliyomo ndani ya penseli: sugua meno ya ufunguo kwa penseli laini, ingiza, zungusha, rudia. Usichanganye grafiti na oili, utarudi kwenye tope.

Haya yakishindikana, silinda itoke. Katika Toyota nyingi za zamani unaondoa kifuniko cha usukani, unazungusha ufunguo mpaka ACC, unabonyeza pini ndogo kupitia tundu lake, na silinda inateleza nje. (Gari likiwa na mifuko ya hewa, mwachie fundi anayeijua.) Hapo utaona vibati vyote, na utamwona fundi akichukua tupa na kukwangua vilivyotokeza. Inafanya kazi, nimeona kwa macho yangu. Lakini jua unalipa nini. Ukiua vibati viwili kati ya vile 8 vya mfano wetu, funguo 65,536 zinabaki 4,096. Ukiviua vyote, bisibisi inatosha. Kwa gari linalolala ndani ya ua huenda ni sawa. Kwa gari linalolala stendi, fikiria.

Na ikiwa ufunguo unazunguka vizuri lakini hakuna kinachotokea, usiisumbue silinda. Nyuma yake kuna swichi ya umeme, kitu tofauti kabisa, na mara nyingi inabadilishwa peke yake. Dalili ya kuogopa ni ufunguo usiorudi wenyewe baada ya injini kuwaka: starta inaendelea kuvutwa na injini na itaungua. Urudishe kwa mkono mara moja, na siku hiyo hiyo gari lionwe.

Kuna mafundi wanaomaliza ubishi kwa kuweka kitufe cha kubonyeza chini ya dashibodi. Nacheka kidogo nikiviona vitufe hivyo. Fundi amerudisha gari kabla ya 1949, na wakati huo huo tajiri wa Nairobi amelipa mamilioni ili gari lake jipya nalo liwake kwa kitufe.

Mtu asidhani haya ni mambo madogo ya nchi maskini. Mwaka 2014 General Motors ya Marekani iliita zaidi ya magari milioni 2 na nusu, yakiwemo Chevrolet Cobalt, kwa sababu ya swichi ya ufunguo. Kipini kidogo chenye springi, ambacho kazi yake ni kuushikilia ufunguo mahali pake, kilikuwa dhaifu. Furushi zito la funguo au tuta barabarani lilitosha kuurudisha ufunguo nyuma gari likiwa mwendoni. Injini inazimika, usukani unakuwa mzito, na mifuko ya hewa haifunguki ajali inapotokea. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa serikali dola milioni 900.

Sehemu inayonikosesha usingizi ni hii. Mwaka 2006 swichi ilirekebishwa kimya kimya, ikawekewa kipini chenye nguvu zaidi, lakini namba ya kipuri haikubadilishwa. Swichi mbili tofauti, jina moja. Waliochunguza ajali walilinganisha magari ya miaka tofauti bila kujua kwamba hayana kitu kile kile ndani. Kila mwandishi wa programu aliyewahi kubadilisha toleo bila kubadilisha namba na alisome hilo tena. Na kila dereva wa kwetu mwenye funguo za nyumba, duka, boma na pikipiki kwenye pete moja azitenganishe leo. Uzito ule unakula silinda hata pale usipoua mtu.

Kisha siri ikahama tena. Mwaka 1986 Chevrolet Corvette ilikuja na ufunguo wenye kidonge cha ukinzani wa umeme: gari lilipima ukinzani huo kabla ya kukubali kuwaka. Kulikuwa na vipimo 15 tu. Miaka ya 1990 zikaja chembe za redio zisizo na betri, zilizofichwa katika plastiki ya ufunguo. Koili inayozunguka tundu inailisha chembe hiyo umeme, gari linauliza swali, chembe inajibu. Ulaya iliifanya kinga ya aina hiyo kuwa lazima kwa magari mapya mwaka 1998. Afrika haikukaa pembeni: msimbo wa KeeLoq, uliotumika katika rimoti nyingi za milango ya magari, ulibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980 na kuuzwa kwa kampuni ya Microchip ya Marekani mwaka 1995.

Je, siri ilipona? Mwaka 2005 watafiti Marekani walivunja chembe ya Texas Instruments yenye ufunguo wa biti 40. Mwaka 2008 watafiti wa Bochum, Ujerumani, walionyesha jinsi ya kuvuta siri ya KeeLoq kwa kupima umeme inaoutumia. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza iliwazuia watafiti kuchapisha udhaifu wa chembe ya Megamos, wakaja kuuchapisha mwaka 2015. Na mwaka 2022 vijana wa Marekani waliiba Kia na Hyundai ambazo hazikuwekewa chembe kabisa, kwa kuvunja kifuniko cha usukani na kuzungusha kilichobaki. Kwa maneno mengine, walifanya kile ambacho bisibisi hufanya stendi ya Lodwar.

Sisemi chembe ni mbaya. Zimepunguza wizi, hilo halina ubishi. Ninachosema ni kwamba wanaobuni makufuli humfikiria sana mwizi, na humfikiria kidogo mwenye gari aliye mbali. Kufuli la vibati linapougua Kakuma, dawa ni penseli, tupa na saa mbili za fundi chini ya mti. Ufunguo wa chembe unapopotea Kakuma, dawa ni kompyuta maalumu na mtu anayejua kuitumia, na mara nyingi unaambiwa huyo yuko Kitale au Eldoret. Gari la mgonjwa halisubiri Kitale. Ukilazimika kuchagua gari la kufanyia kazi huku, weka ufunguo katika hesabu yako kama unavyoweka matairi na dizeli.

Kwa leo basi, fanya jambo moja. Hesabu funguo za gari lako. Ikiwa unao mmoja tu, tafuta ile namba, chonga wa pili wakati wa kwanza bado unazunguka, na uuhifadhi mahali pengine, si ndani ya gari. Gari likiwa la chembe, funguo ya pili ni rahisi zaidi kusajiliwa wakati ya kwanza ingali hai. Sisi wa kompyuta tunaita hiyo nakala ya akiba, na bado hatujapata mbinu iliyo bora zaidi.